Mzazi Mkristo na Fimbo Yake

Leo twataka kunena nanyi habari ya fimbo, maana katika nyumba nyingi za Wakristo fimbo imeshikamana na Neno la Mungu hata watu hawaoni tena mpaka uliopo kati ya hivyo viwili.

Na twende Chumbi, katika nchi ya Rufiji. Wengi wa watu wa huko ni Waislamu, na nyumba za Wakristo ni chache. Kwa hiyo jinsi Mkristo anavyomlea mwanawe huonekana na jirani zake kila siku, kuliko mahubiri ya kanisani. Mpunga ukianza kukomaa, mtoto hupandishwa dunguni, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti shambani, aamie ndege. Jua ni kali, na mtoto ni mtoto, husinzia. Ndege hushuka. Baba akija akakuta masuke matupu, hukata fimbo, naye akiulizwa hujibu kwamba Mithali imemwagiza.

Ni kweli kwamba Mithali, katika sura ya 13, yasema kuwa mzazi anayeizuia fimbo hampendi mwanawe, na sura ya 23 yataja kupiga waziwazi. Hatuwezi kuyafuta hayo kwa kuwa hayatupendezi. Walakini neno la Kiebrania lililotumika hapo ndilo lililomo katika Zaburi ya 23, ambapo fimbo ya mchungaji ni faraja kwa kondoo, wala si hofu. Naye mtume Paulo, alipowaandikia Waefeso na Wakolosai, aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao wakakata tamaa. Twaona ajabu kwamba baba wengi wameikariri Mithali kwa moyo, na maonyo haya ya Paulo, ambayo wao ndio walioandikiwa, hawayajui.

Basi baba yule apiga kwa ajili ya nini? Kama ni kwa ajili ya kosa la mtoto, kosa la kusinzia juani ni dogo. Kama ni kwa ajili ya mpunga uliopotea, hapo hafundishi. Alipiza hasara yake juu ya mgongo wa mwanawe.

Tena hofu ina madhara yake. Tumfikirie mtoto aliyepoteza pondo la mtumbwi wa baba yake. Akijua kwamba atapigwa kabla hajaulizwa, hasemi; atangoja jioni ashuke mtoni peke yake kulitafuta. Na Mto Rufiji una mamba. Mtoto asiyethubutu kumwambia mzazi wake habari mbaya huenda kuikabili peke yake, naye hujifunza uongo mapema sana.

Wazee wa pande zile walisimuliwa habari za kiboko cha Wajerumani. Watu walichapwa ili walime pamba. Wakalima, na mwezi wa Julai 1905, kule Umatumbi, kusini mwa Rufiji, wakaing'oa, ndipo Vita vya Maji Maji vilipoanza. Kiboko kilipata mikono yao, moyo hakikuupata.

Lakini msidhani twasifu ulegevu. Kuhani Eli alijua maovu ya wanawe, akawakemea kwa maneno tu, asiwazuie. Kitabu cha Kwanza cha Samweli chaeleza jinsi nyumba yake ilivyoanguka. Mtoto anayeiba au anayemwonea mdogo wake hana budi kuzuiwa siku hiyohiyo, na aone kwamba baba na mama wana neno moja.

Serikali nayo imelitazama jambo hili. Kanuni za mwaka 2002 zilipunguza viboko vya shuleni kutoka 6 hadi 4, zikataka vitolewe na mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kenya ilivikataza kabisa shuleni mwaka 2001. Hata hivyo mwezi wa Agosti 2018 mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi huko Bukoba alifariki baada ya kupigwa, na shauri likafika Mahakama Kuu. Nao uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepata mateso ya mwili kabla ya kutimiza miaka 18.

Turudi dunguni. Baba Mkristo wa Chumbi aweza kuiweka fimbo yake chini, aketi kwanza mpaka hasira ipoe, kisha amwulize mwanawe alisinzia saa ngapi, na kama alikula asubuhi. Akiona ni uvivu, jioni hiyo mtoto asiende kucheza, na kesho alfajiri wapande dunguni wote wawili.