Tulilaumu Umeme

Wenzangu tuliosoma hapa Lusewa, nanyi vijana mlioko madarasani:

Nimeombwa niseme kidogo juu ya kazi yangu ya kompyuta. Nitasema kosa langu moja.

Mwaka 2020 nilikuwa Songea mjini, katika ofisi iliyotunza hesabu za malipo ya wakulima wa tumbaku, wengine wao wa huku kwetu. Seva yetu ilikuwa ya zamani lakini nzima. Nikaiwekea mfumo mpya, CentOS 8, uliotoka Septemba 2019. Humo viendeshi vya kadi kadhaa za zamani za diski vilikuwa vimeondolewa, na yetu ilikuwa mojawapo. Mfumo haukuziona diski kabisa. Hapo ningeacha. Badala yake nikatafuta kiendeshi cha pembeni, nikakipachika, seva ikawaka, nikaenda kunywa chai.

Siku za kawaida ilikwenda vizuri. Siku ya malipo, makarani walipoingia wote kwa pamoja, ikaganda. Tukaizima, tukaiwasha, ikaganda tena. Nililaumu umeme, kisha kijana wa zamu, naye akasimamishwa kazi. Wakulima walilala mjini siku mbili.

Kompyuta ilikuwa nzima, mfumo mzima; pamoja havikuwa vimejaribiwa na mtu. Orodha ya mashine zilizopimwa hutolewa wazi, sikuisoma. Siku tatu tu za kuilemeza seva kazi kwa makusudi zingetuonyesha. Niliporudisha mfumo wa zamani ilitulia.

Kijana yule nilimfuata kwao kumwomba radhi. Alinikaribisha ugali, ila kazini hakurudi.