Kyaka: Daraja Lilivunjwa, Mpaka Haukuhama



Nimeombwa nizungumze juu ya mipaka ya nchi yetu. Nitaanzia Kyaka, mji mdogo ulio kando ya Mto Kagera, katika barabara itokayo Bukoba kwenda Mutukula.

Mgeni akiuona mto ule hudhani amefika mwisho wa nchi. Sivyo. Ng'ambo ya pili bado ni Tanzania, hadi Mutukula, mwendo wa kilometa 30 hivi. Mpaka wenyewe hauonekani kwa macho. Ni mstari wa digrii moja kusini ya Ikweta, uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani tarehe 1 Julai, 1890. Hakuna mzee wa Kiziba wala wa Buddu aliyeulizwa. Ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya serikali mbili.

Mwishoni mwa Oktoba, 1978, majeshi ya Idi Amin yaliuvuka mstari huo. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kuwa nchi yote ya kaskazini ya mto ni mali ya Uganda, na tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Nduli alitaka mto uwe mpaka. Raia waliuawa, maelfu wakakimbia, ng'ombe wakaswagwa, na mitambo ya kiwanda cha sukari ikaporwa. Kabla ya mwaka kwisha majeshi yetu yalikuwa yamekwisha kuvuka tena Kagera, na tarehe 11 Aprili, 1979, Kampala ikaanguka.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa mstari ule ulichorwa na mabeberu, kwa nini tuliumwagia damu? Swali hilo ni la haki, nalo lisijibiwe kwa kaulimbiu.

Jibu la kwanza lilitolewa Cairo mwaka 1964. Huko Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwa hoja ya Tanzania, uliamua kwamba mipaka tuliyoirithi wakati wa uhuru iheshimiwe. Haikuheshimiwa kwa kuwa ni mizuri. Iliheshimiwa kwa kuwa kila mtawala akijichagulia mto au mlima unaompendeza, Afrika haitalala usingizi.

Jibu la pili ni kubwa zaidi. Amin hakuteka mstari, aliteka watu. Tulichokikomboa ni wakulima wa migomba na watoto wao. Wala adui yetu hakuwa Mganda wa kawaida, kwani Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega nasi.

Ndugu zangu, ikiwa watu wale walistahili kufiwa, basi wanastahili pia kuhudumiwa. Mwananchi wa mpakani huzungumza lugha inayofanana na ya jirani yake, na pengine shangazi yake ameolewa ng'ambo. Akifika mbele ya meza ya ofisi, asihukumiwe kwa lafudhi yake. Asikilizwe, na ushahidi wake upimwe kwa haki. Tukimfanya mgeni katika nchi yake, tutakuwa tumerudisha mpaka mtoni kwa kalamu, jambo ambalo Amin alishindwa kulifanya kwa baruti.

Daraja la Kyaka lilijengwa upya. Kazi yetu ni kuhakikisha kuwa anayelivuka kwenda kaskazini anajiona bado yuko nyumbani.