Maneno Haya ni ya Nani?



Leo nataka tuzungumze juu ya vitu vidogo sana: mkato, herufi kubwa, na vile vijialama vinavyoning'inia juu ya mstari mwanzo na mwisho wa maneno ya mtu. Shuleni tulifundishwa kuviita alama za usemi. Wengine tukisema fungua semi na funga semi. Najua wapo watakaocheka, waseme huyu bwana leo kaishiwa na habari. Naomba subira, maana penye udogo huu pana mashamba ya watu, na pana vifungo vya watu.

Chukueni sentensi moja kutoka katika muhtasari wa mkutano wa kijiji. Katibu ameandika hivi: Mwenyekiti alisema tuliuza shamba. Nawauliza, nani aliuza? Kwa mwandiko huo, waliouza ni sisi wanakijiji, na mwenyekiti anatukumbusha tu. Sasa tieni mkato, herufi kubwa na alama za usemi: Mwenyekiti alisema, "Tuliuza shamba." Hapo mambo yamegeuka. Aliyeuza ni yeye na wenzake, na amekiri kwa kinywa chake. Maneno ni yale yale manne, lakini mwenye mzigo amebadilika.

Huku kwetu Mollo, kama ilivyo Ufipa nzima, ardhi ndiyo mali. Mahindi, ulezi na maharage vinatoka humo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Siku ya ugomvi, idhini hiyo itatafutwa wapi? Itatafutwa katika muhtasari. Na muhtasari huo, ukifika kwa mwekezaji, huenda ukatafsiriwa kwa Kiingereza na mtu ambaye hakuwapo mkutanoni. Mfasiri hana masikio ya siku ile. Ana karatasi tu. Kama karatasi haisemi neno hili ni la nani, atakisia.

Tuwatazame Waingereza wenyewe wanavyofanya, kwani desturi hii tumeipata kwa njia ya shule zao. Wakinukuu sentensi kamili ya mtu, wanatanguliza mkato, wanafungua usemi, na neno la kwanza wanalianza kwa herufi kubwa hata kama liko katikati ya mstari. Wakinukuu kipande tu cha maneno, neno la kwanza linabaki na herufi ndogo. Wakiikata sentensi ya msemaji katikati ili waseme ni nani aliyesema, kipande cha pili hakipewi herufi kubwa, kwa sababu sentensi bado ni ile ile. Akibadilika msemaji, wanafungua aya mpya. Ukiyatazama vizuri, hayo si mapambo. Herufi kubwa inakuambia kuwa sentensi ya mtu imeanzia hapa. Herufi ndogo inakutahadharisha kuwa umepewa kipande.

Nao hawapatani katika kila jambo. Wamarekani hupendelea alama mbili mbili, na nukta au mkato wanauweka ndani ya alama za kufunga. Vitabu vingi vya Uingereza hutumia alama moja moja, na nukta huingia ndani pale tu inapokuwa ni ya msemaji. Kijana wa sekondari akisoma kitabu cha huku na cha kule hubabaika. Ushauri wangu kwake ni kuchagua njia moja na kuishika tangu mwanzo wa insha hadi mwisho.

Lakini tusidhani kwamba kabla ya alama hizi wazee wetu hawakujua kutenganisha maneno ya mtu na mtu. Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu hakikuwa na herufi kubwa wala alama za usemi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip aliyefanya biashara hadi Urungu, jirani zetu wa kusini, aliandika habari za maisha yake kwa herufi hizo. Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyezigeuza kuwa za Kirumi na kuzichapisha mwanzoni mwa karne iliyopita. Katika maandiko ya namna ile kazi yote ilifanywa na maneno: akasema, akamjibu, nikamwambia. Hata Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo wengi tumekua nayo, humtambulisha msemaji kwa mkato na herufi kubwa tu, bila alama za usemi. Biblia ya Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, ndiyo inayoziweka alama hizo.

Tena lugha yetu ina silaha ambayo Mwingereza hana kwa wepesi huo. Tuna neno "kwamba", ambalo asili yake ni kuamba, yaani kusema. Na tuna neno "eti". Nikisema, "Eti amelipa deni," nimekupa maneno ya mtu na shaka yangu juu yake kwa pumzi moja. Sisi wa redioni, ambao wasikilizaji hawaoni alama zetu, tuna desturi yetu: nanukuu, halafu mwisho wa kunukuu. Mtangazaji akisahau kusema "mwisho wa kunukuu", maoni yake mwenyewe yanahesabiwa kuwa ya waziri. Na waziri akikana, mtangazaji atajibu nini?

Sasa twende mahakamani, maana huko ndiko jambo hili linakouma. Mahakama za mwanzo zetu hutumia Kiswahili tangu zamani. Ngazi za juu, kwa miaka mingi, shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Mzee wa Kifipa asiyekimudu Kiswahili alisema kwa lugha yake, mkalimani akageuza, hakimu akageuza tena. Neno limepita mikono mitatu. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa mlango wa kutumia Kiingereza uliachwa pale haki inapohitaji. Hilo ni jambo jema. Mkono mmoja umepungua.

Lakini lugha ikiwa moja bado kuna shimo. Katika kesi za jinai, ushahidi kwa kawaida huandikwa kama masimulizi, si swali na jibu. Wakili anauliza, "Je, ni kweli kwamba usiku ule ulikuwa umekunywa, giza lilikuwa nene, na hukumwona mtu vizuri?" Mama wa watu, kachoka kusimama, anajibu, "Ndiyo." Katika kumbukumbu itaandikwa kwamba alisema alikuwa amekunywa, giza lilikuwa nene, na hakumwona mtu vizuri. Yeye alitoa neno moja. Amerudi nyumbani na sentensi tatu alizotungiwa na wakili. Kiswahili kina jina la jambo hilo: kumlisha mtu maneno.

Simlaumu hakimu, anaandika kwa kasi ya mkono wake. Namkumbusha shahidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inampa haki ya kusomewa ushahidi wake, na akiwa na la kusema juu ya yaliyoandikwa, maelezo yake nayo yaandikwe. Ni haki isiyogharimu hata senti. Wangapi wanaiomba? Wengi wetu, tukishamaliza kusema, tunataka kutoka tu, tuwahi gari la kurudi kijijini.

Na kwenu waandishi wenzangu, nina neno. Tumezoea kuvaa alama za usemi kama koti la mvua. Gazeti linaandika kwa herufi nene kwamba fulani ni "mwizi", kisha mhariri anajitetea kwamba kanukuu tu. Hilo si kinga. Kanuni ya sheria za kashfa tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza ni kwamba anayerudia kashfa ya mwenzake amekashifu yeye mwenyewe. Alama za usemi zinaonyesha neno limetoka kwa nani. Haziondoi wajibu wa kuuliza kama ni kweli.

Basi naacha mambo matatu. La kwanza, ukiweka alama za usemi, umekula kiapo kwamba maneno yaliyomo ndiyo yaliyotamkwa. Kama unafupisha au unasafisha, ziondoe, useme kwa maneno yako kwamba fulani alieleza hivi na hivi. La pili, katibu wa kijiji, wa ushirika au wa kikundi cha akina mama, panapotajwa shamba, fedha au ahadi, aandike maneno yenyewe na jina la aliyeyasema. La tatu, sisi wengine, kabla ya kutia sahihi au kubonyeza dole gumba, tuombe tusomewe. Tusikilize si maneno tu, bali ni nani anayesemwa kuwa aliyasema.

Wahenga walisema neno likitoka halirudi. Hivyo ndivyo lilivyo. Basi angalau lisajiliwe kwa jina la mwenyewe.

Hadi juma lijalo, kwaherini.