Mgonjwa Asiyeonekana Kuwa Mgonjwa

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya foleni. Mtasema, hilo nalo ni neno la kuletwa katika kipindi cha dini? Ngojeni kidogo. Katika Injili ya Yohana, mlango wa tano, iko habari ya birika la Bethzatha, ambapo wagonjwa wengi walilala wakingojea maji yatibuliwe, na aliyetangulia kuingia ndiye aliyepona. Palikuwa na mtu aliyeugua kwa miaka 38. Hakuwa na mwenzake wa kumtia majini, na kila alipojikokota, mwingine mwenye nguvu kumzidi alikwisha kumtangulia. Sharti la birika lilikuwa moja kwa wote, na kwa sharti hilo yule mtu angengojea mpaka kufa.

Twaleta habari hii kwa sababu ya jambo la siku hizi. Wengi wenu mna watoto au wajukuu walioko Marekani, nao wakiwaalika kuwatembelea, haikosi siku moja watawapeleka kwenye bustani kubwa ya burudani. Msidhani ni bembea tu kama zile za Maonyesho ya Kilimo. Ile iitwayo Walt Disney World, katika jimbo la Florida, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, na eneo lake ni kama kilomita za mraba 100. Ndani yake mna bustani nne, na moja tu yatosha kumchosha mtu mzima kutwa. Joto la Florida mwezi wa Julai ni kama la Mombasa mwezi wa Machi. Ukiufikia mchezo unaoutaka wasimama, pengine saa nzima, kwa mchezo wa dakika tatu. Watoto hawaoni taabu. Sisi wa umri wa makamo ndio tuhesabuo dakika.

Sasa, katika jamaa yetu yuko msichana mwenye ugonjwa wa seli mundu. Wenyeji wa Nyanza, Magharibi na Pwani wanaujua sana ugonjwa huu. Mtoto huurithi kwa baba na mama pamoja. Chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo, na maumivu yanayofuata hayasimuliki. Kiu huyachochea, na uchovu, na baridi ya ghafla. Katika wengine damu hushindwa kufika vizuri kwenye mfupa wa nyonga, na mfupa huharibika kidogo kidogo. Ndivyo ilivyo kwa msichana wetu. Lakini ukimkuta ameketi na wenzake hutajua neno. Anacheka, anapendeza, anaimba kwaya. Aweza kutembea kutoka nyumbani hadi kanisani. Kutembea kutwa hawezi, wala kusimama saa nzima.

Tulipokwenda naye kwenye bustani moja huko, tulijitayarisha kama watu waendao vitani. Chupa za maji, dawa, kofia ya jua, na sweta pia, maana ndani ya majumba yale mashine hupuliza baridi kali, na kutoka katika jua kali na kuingia katika baridi ile si jambo dogo kwa mgonjwa kama yeye. Michezo ya kulowana maji tuliiacha. Tukakodi kiti cha magurudumu. Yako magari ya michezo ambayo mtu huingia na kiti chake, na yako mengine ambayo sharti atoke kitini na kuhamia kiti cha gari. Kwenye moja la namna hii ya pili msichana wetu aliinuka, akapiga hatua tatu, akapanda. Nyuma yetu mtu mmoja akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kutusikiza, “Tazama, muujiza!” Wakacheka.

Yeye hakujibu. Lakini mchezo uliofuata alikataa kiti, akaenda kwa miguu, na uliofuata vile vile. Usiku ule maumivu yakamshika, na siku mbili zilizofuata za safari yake alizipitisha kitandani.

Yatupasa kusema kweli, udanganyifu upo. Mwaka 2013 bustani za Disney huko Marekani ziliacha kadi yao ya zamani ya kuwasaidia wagonjwa, baada ya kusikika kwamba watu wazima wa afya waliitumia kuruka foleni. Utaratibu ulioifuata haukumtanguliza mtu. Ulimpa saa ya kurudi, inayolingana na urefu wa foleni, ili angojee mahali pengine penye kivuli. Mwaka 2024 ukabanwa tena, ukawekwa hasa kwa wenye ulemavu wa makuzi ya akili kama tawahudi, na wengi wenye maradhi ya mwili wakaambiwa watumie njia nyingine. Wenye kiti cha magurudumu huelezwa kwamba foleni nyingi zimejengwa kiti kipite. Ni kweli, kiti hupita. Lakini joto na uchovu havikai mlangoni vikamngoja mgonjwa atoke.

Hatuwalaumu walinda lango. Kazi yao ni ngumu, maana daktari mwenyewe hutumia vipimo, nao wana macho tu. Lakini angalieni jambo hili. Tangu mwaka 2021 mgeni yeyote katika bustani za Walt Disney World aweza kulipa fedha za ziada akapita mlango wa haraka. Huyo hupita mbele ya watu mia, wala hapana amwambiaye “muujiza”. Mfuko wake nao hauonekani, lakini hakuna autiliaye shaka.

Turudi Bethzatha. Yesu alimponya yule mtu, naye akajitwika godoro lake akaenda zake. Ilikuwa siku ya sabato. Je, watu waliomkuta njiani walimwuliza habari ya miaka 38? Walimshika kwa ajili ya godoro! Walimwona mtu mzima anavunja sheria, basi, wakaanza kumhoji. Hata sisi makanisani mwetu twalijua jicho hilo. Kijana hakusimama wakati wa wimbo, mama fulani hutoka kabla ya baraka, na mzee wa kanisa amekwisha kumwandikia hukumu moyoni kabla ya tangazo la mwisho.

Huko Uingereza, mwaka 2016, uwanja wa ndege wa Gatwick ulianza kuwapa wasafiri kamba ya kijani yenye picha za alizeti, ya kuvaa shingoni. Aivaaye huwaambia wahudumu kwamba ana ulemavu usioonekana na huenda akahitaji muda au msaada zaidi. Haombwi cheti cha daktari. Tangu hapo kamba hiyo imeenea katika nchi nyingi. Hakika mdanganyifu aweza kuivaa. Walioianzisha waliona afadhali huyo apite kuliko mgonjwa kuzuiwa.

Ninyi mtakaosafiri na mgonjwa wa namna hii, ulizeni mapema, kabla ya kununua tikiti, ni msaada gani uliopo na ni michezo ipi iliyo hatari kwake. Pumzikeni saa za adhuhuri. Na kiti kikikodiwa, kikaliwe. Msichana wetu ametuambia atakwenda tena, na safari hii atakikalia tangu langoni hadi jioni, atakapotaka kuinuka ataiinuka nyonga yake mwenyewe, na wenye kucheka wacheke.

Tuwaombee leo walio na maumivu ambayo hata waume na wake zao hawayaoni, na wale vijana wanaosimama kutwa malangoni wakiamua nani apite na nani arudi nyuma. Amina.