Umeshiba, Lakini Je, Mwili Umeshiba?

Leo tuongee juu ya sahani yako. Fikiria sahani ya kawaida tu: ugali mkubwa, mchicha kidogo pembeni, basi. Umekula, umeshiba, unashushia maji. Je, mwili nao umeshiba?

Si unajua kwamba protini hujenga misuli, ngozi na damu? Protini yenyewe imeundwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino. Ziko 20, na 9 kati yake mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza kwa kiasi cha kutosha. Ni lazima uzile. Mojawapo inaitwa laisini, nayo ni haba sana kwenye mahindi.

Sasa, mtu mzima mwenye afya anahitaji laisini kiasi gani kwa siku? Nani alipima, na alipimaje?

William Rose wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alipima miaka ya 1940 na 1950. Aliwachukua wanafunzi wa kiume, vijana wa watu, akawalisha chakula cha ajabu: wanga, sukari, mafuta, vitamini, na asidi za amino safi za maabara. Nyama hakuna, maharage hakuna. Halafu akaondoa asidi moja moja. Naitrojeni iliyoingia na chakula ilipimwa, na iliyotoka na mkojo na choo ikapimwa pia. Ndiyo, vyote vilikusanywa. Usicheke! Ikikosekana asidi ya lazima, naitrojeni inayotoka huzidi inayoingia, maana yake mwili unajila wenyewe. Vijana wale walikosa hamu ya kula, wakachoka, wakawa na hasira za ovyo. Asidi ikirudishwa, hali inatengemaa.

Kazi nzuri, ila ilikuwa na kasoro. Rose aliwalisha nguvu nyingi mno, na mwili wenye nguvu za akiba hubana matumizi ya protini. Tena naitrojeni inayotoka kwa jasho, ngozi na nywele ni rahisi kuisahau. Hivyo mahitaji yakaonekana madogo kuliko yalivyo. Ripoti ya FAO, WHO na UNU ya mwaka 1985 iliandika laisini miligramu 12 kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima.

Vernon Young wa MIT hakuridhika. Yeye na wenzake walitumia asidi za amino zilizotiwa alama ya kaboni-13, ambayo haina mionzi, wakaifuata mpaka kwenye pumzi. Watafiti wa Toronto nao wakabuni njia yao. Fikiria fundi anayejenga bila saruji: matofali hata yakijaa, hayajengi. Mwilini, laisini ikipungua, asidi nyingine hazina kazi, zinachomwa, na alama inatoka puani na mdomoni. Ongeza laisini kidogo kidogo, alama inapungua. Pale inapoacha kupungua, hapo ndipo kiasi kinachotosha.

Kumbe ni kingi! Ripoti mpya ya mashirika hayohayo, iliyotoka 2007, inasema miligramu 30.

Hebu tupige hesabu. Una kilo 60. Kwa kipimo cha zamani ulihitaji gramu 0.72 za laisini kwa siku, kwa kipimo kipya gramu 1.8. Nusu kilo ya unga wa mahindi ina kama gramu 1 hivi. Umeona? Kwa karatasi ya 1985, ugali mtupu ulitosha. Kwa ya 2007, hautoshi, na wanaopanga chakula cha mabweni na kambi wanatumia karatasi hizo.

Lakini gramu 100 za maharage makavu zina kama gramu 1.4 za laisini. Bibi yako aliyepika makande, au githeri kama wewe ni wa Kenya, hakuwa na maabara.

Utauliza, lazima viliwe pamoja? Hapana. Kwa mtu mzima, uji asubuhi na maharage jioni, siku ileile, inatosha.