Mbu na Homa: Somo la Historia kwa Watoto wa Shule



Mtoto wa miaka kumi akiulizwa homa ya malaria yatoka wapi, atajibu mara moja kwamba yaletwa na mbu. Jibu ni sahihi, ila si kazi yake, maana amelisikia tangu akibebwa mgongoni. Akiulizwa tena, “Watu walijuaje?” hunyamaza. Hapo ndipo yafaa mwalimu aanze kumfundisha jinsi utabibu ulivyobadilika.

Kwa karne nyingi wataalamu wa Ulaya walisadiki kwamba homa hii yatokana na hewa mbovu ya vinamasi. Hata neno malaria ni la Kiitalia, maana yake hewa mbaya. Mwalimu asiwaruhusu watoto kuwacheka wazee hao. Waliona vema kwamba wakaao karibu na kinamasi huugua. Kosa lao ni kuishika harufu na kumwacha mdudu. Tena dawa ilitangulia maarifa: gome la mti wa sinkona, litokalo milima ya Amerika ya Kusini, lilifika Ulaya katika karne ya 17, na mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakatoa kwinini ndani yake. Basi watu walitibiwa miaka mingi pasipo mtu kujua ugonjwa wenyewe ni kitu gani.

Huku kwetu walikuwako waliokwisha kumshuku mbu. Msafiri Mwingereza, Richard Burton, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1856 kwamba Wasomali husema mbu ndiye aletaye homa. Yeye akayahesabu maneno hayo kuwa ushirikina. Naye Robert Koch, daktari Mjerumani, alipofika Usambara, katika Tanzania ya leo, mwishoni mwa karne hiyo, aliambiwa kwamba wenyeji wa milimani wakishuka bondeni hupata ugonjwa waitao mbu, kwa jina la mdudu aliyewauma. Yafaa watoto wayasikie hayo. Lakini kusema kweli ni jambo moja, na kuithibitisha mbele ya asiyesadiki ni jambo jingine.

Uthibitisho ulikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1880, huko Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Laveran aliona kwa hadubini viumbe hai ndani ya damu ya askari mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross, aliyekuwa India, aliwaacha mbu wamwume mgonjwa aitwaye Husein Khan, aliyelipwa anna moja, pesa ndogo ya Kihindi, kwa kila mbu. Kisha akawapasua mbu hao mmoja mmoja, na tarehe 20 Agosti akaona alama za viumbe wale katika tumbo la mbu. Mwaka uliofuata Ross mwenyewe, kwa kuwachunguza ndege, na Grassi na wenzake huko Italia, kwa kuwachunguza wanadamu, walionyesha jinsi mbu anavyopokea ugonjwa na kuupitisha.

Lakini kisa kiwafaacho watoto kuliko vyote ni cha mwaka 1900. Katika nyanda za vinamasi karibu na Roma, madaktari Sambon na Low na wenzao walikaa katika nyumba iliyozibwa kwa wavu wa waya madirishani na milangoni. Mchana walitembea watakako. Jua likichwa waliingia ndani. Wavu humzuia mbu, wala hauzuii hewa. Usiku kucha waliivuta hewa ile ile iliyoogopwa, msimu mzima wa homa, na hawakuugua, hali majirani zao waliugua. Mwaka huo huo mbu waliokwisha kumwuma mgonjwa huko Italia walipelekwa London, wakamwuma kijana wa Daktari Manson kwa hiari yake. Homa ikampata katika mji usio na homa hiyo, na kwinini ikamponya.

Hapa mwalimu na anyamaze, awaulize watoto: Kwa nini majaribio yote mawili yalihitajika? Lingefanywa la Roma peke yake, mbishi angesema nini? Robo saa ya kubishana hivyo yapita majina kumi yaliyokaririwa.

Baadaye awapeleke nje kutafuta viluwiluwi katika maji yaliyotuama, wawatie katika chupa ya kioo na kuifunika kwa kitambaa. Kiluwiluwi wa mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Wa mbu wengine wengi huning'inia kichwa chini. Somo likiisha, maji yamwagwe mahali pakavu.

Swali la Roma liliulizwa tena Kilifi katika miaka ya 1990, vyandarua vyenye dawa vilipojaribiwa, na watoto waliolazwa kwa malaria kali wakapungua kwa asilimia 44. Tena mwaka 2019 chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto wachanga magharibi mwa Kenya. Mwalimu wa huko akitazama madawati ya mbele, huenda akawaona baadhi yao wameketi.