Namna ya kuwapeleka watoto Tongoni wakarudi na kitu kichwani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi, wasindikizaji na wajumbe wa komite, Kasongo, kabla ya vakansi kubwa)

Nimeombwa niseme juu ya ile safari ya watoto kwenda Tongoni. Komite ilinipa nusu saa. Nitajaribu.

Kwanza nijibu neno moja linalozunguka chini chini. Kuna wanaosema: watu wamerudi, mashamba yamekuwa pori, nyumba hazina mabati, sasa pesa ya kutembeza watoto ni ya nini? Ni swali la haki, wala sitaki mtu aone haya kuliuliza. Jibu la kwanza ni la hesabu tu. Pesa hizi zilitolewa kwa ajili ya watoto wakati wa vakansi. Tukizigeuza mbegu bila kuwaomba waliozitoa, siku ya kuonyesha risiti tutasema nini? Jibu la pili ni langu mwenyewe. Watoto wetu wengi walizaliwa Nyarugusu, kaka zao wakubwa Lugufu. Wengine hawakuvuka ziwa, lakini walikulia kwa kukimbia-kimbia upande wa Salamabila, leo kijiji hiki, kesho pori. Masomoni hapa wanaitwa "Watanzania". Mtoto akisema "shikamoo mwalimu", darasa zima linacheka. Huyo ukimpa daftari umefanya vizuri, lakini daftari halimwambii kwamba hapa ni kwao. Basi twende tumwonyeshe fasi yenyewe.

Mfadhili wetu mmoja aliuliza kama karibu na Kasongo kuna bustani kubwa ya michezo, zile za mabembea ya umeme na magurudumu yanayozunguka angani. Hakuna. Lakini hata wenye bustani hizo wana akili ambayo sisi tunaweza kuichukua bure. Ile ya Walt Disney kule California ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Jua lilikuwa kali, watu walikuja wengi kuliko walioalikwa kwa sababu tiketi nyingine zilikuwa za uongo, na mafundi wa mabomba walikuwa wametoka kwenye mgomo. Disney aliambiwa muda hautoshi: achague mabomba ya maji ya kunywa yafanye kazi, ama vyoo. Akachagua vyoo. Watu wakakaa na kiu, wakalalamika sana. Mtu mwenye pesa zote zile! Kwa hiyo mimi ninaanza na maji na choo, kisha ndiyo nitasema historia.

Maji: kila mtoto aje na chupa yake imejaa, na kila kundi liwe na bidoni moja ya lita 20 ya maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Tusitegemee mto wala kisima cha wenyeji. Choo: msindikizaji mmoja atangulie siku moja kabla, aongee na familia mbili tatu za kijijini watuazime vyoo vyao, na tupeleke sabuni iwe yao tukiondoka. Wasichana wakubwa wapate mama mmoja wa kumwendea bila kuona haya, na mama huyo abebe vitambaa safi. Nimeona safari nzuri zikiharibikia hapo hapo. Msichana anakaa kimya kutwa nzima, harudi tena.

Saa. Tuondoke saa kumi na mbili asubuhi, tufike kabla jua halijawa kali, tumalize kutembea kabla ya saa tano. Halafu chakula, kivuli, hadithi. Saa nane tunaanza kurudi, kusudi saa tisa na nusu kila mtoto awe mikononi mwa mzazi. Msiniambie "tutaona huko huko". Na twende kiangazi, mwezi wa saba au mwanzo wa wa nane. Mvua zikianza pikipiki zinaingia matopeni na watoto wanageuka wasukumaji.

Juu ya pikipiki: watoto wawili nyuma ya dereva, si wanne. Ninajua watu watacheka, kwa sababu hapa tunaona familia nzima na mbuzi juu ya moto moja. Lakini siku hiyo ni chama kinachowajibika. Kama pesa za pikipiki hazitoshi, tupunguze idadi ya watoto twende mara mbili. Kundi dogo linasikia vizuri zaidi pia. Watoto sita kwa mkubwa mmoja, na mkubwa huyo awe na majina yao kwenye karatasi mfukoni. Tunahesabu wakati wa kuondoka, kufika, kula na kurudi. Tuchague mti mmoja mkubwa tukifika, tuwaambie watoto: ukipotea usitafute watu, nenda kwenye mti ukae hapo.

Ruhusa. Hatuingii kijiji cha watu kama tunaingia sokoni. Ujumbe uende kwa sultani wa pale wiki moja mbele, na zawadi ndogo ya heshima, chumvi na sabuni. Chakula tusikibebe toka mjini. Tupatane na wamama wa kijiji wapike wali na sombe, na samaki wakipatikana, bei ijulikane mapema, walipwe mkononi mwao siku ile ile, si kupitia kwa mtu. Hivyo sehemu ya pesa hii inabaki kijijini, na safari ya pili mnapokelewa kwa kicheko.

Sasa tuje kwenye fasi yenyewe. Walioishi Tanzania pengine wamesikia Tongoni nyingine, ile ya karibu na Tanga, yenye magofu ya msikiti na makaburi ya mawe. Jina ni lile lile, na maana ni ile ile: tongo ni mahali watu walipokaa wakahama, sisi tunasema matongo. Tofauti ni kwamba kule walijenga kwa mawe ya bahari, na jiwe linangoja. Hapa kwetu walijenga kwa udongo, na udongo ukikosa paa mvua inaurudisha chini. Kwa hiyo msiwaahidi watoto kwamba wataona jumba la Tippu Tip. Mtoto aliyeahidiwa jumba akaona vichuguu na miti anasema alidanganywa. Muwaambie mapema: tunakwenda kuona mji uliolala chini ya majani, kazi yenu ni kuutafuta kwa macho.

Halafu muwape kitu cha kutafuta. Hapo ndipo safari inanoga. Daktari mmoja Mwingereza, Hinde, aliingia Kasongo na askari wa Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, akaandika kitabu kilichotoka 1897. Anasema mji ule ulishinda hata Nyangwe kwa uzuri. Chumba alichojichukulia kilikuwa na urefu wa futi 80, sawa na mita 24 hivi, na mlango wake ulifungukia kwenye bustani ya michungwa. Askari wa kawaida walilala kwenye vitanda vya kuchonga na magodoro ya hariri. Walikuta mishumaa, sukari, viberiti, vikombe vya fedha. Maghala yalijaa mchele, kahawa na mahindi, na bustani zilikuwa na machungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi. Mkifika, pimeni mita 24 chini kwa hatua za watoto, mmoja asimame huku na mwingine kule. Hapo watashika mdomo. Kisha waulizeni: matunda gani kati ya yale mnayaona hapa leo? Nani analima mpunga kwao? Mchele tunaokula hapa Kasongo una mizizi katika habari hiyo, na mtoto anaweza kuishika kwa mkono.

Hadithi fupi ya kuwapa ni hii. Hamed bin Muhammed, tuliyezoea kumwita Tippu Tip, mtu wa Unguja, alikuwa na nguvu upande huu tangu miaka ya 1870. Mwaka 1876 ndiye aliyekutana na Stanley huku. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Leopold kule Stanley Falls, yaani Kisangani. Alipokwisha kurudi Unguja, mwanawe Sefu alibaki Kasongo, na vita na watu wa Leopold vikaja mwaka 1892. Nyangwe ilianguka mwezi wa tatu 1893, Kasongo mwezi wa nne, Kabambare mwezi wa kwanza 1894. Baadaye mji ukahama, jina likaja nao hapa tulipo. Tippu Tip alikufa Unguja mwaka 1905. Inatosha. Tarehe zaidi ya hizo mtoto anazitema njiani.

Lakini kuna upande ambao wasindikizaji wengi wanapenda kuuruka. Pembe zile zilibebwa na nani? Maghala yale yalijazwa na nani? Mji ulisimama juu ya migongo ya watu walionunuliwa na waliotekwa, wengi wao watu wa Maniema hii hii. Na walioufukuza utawala ule hawakuja kuwakomboa watu. Walileta kazi ya nguvu yao. Waambieni watoto yote mawili. Msilete hadithi ya "Waarabu wabaya tu", msilete na ile ya "enzi za dhahabu". Hapa wajukuu wa waungwana na wajukuu wa watumwa wanakaa benchi moja masomoni, wanasali pamoja, wanaoana, na hata lugha yetu hii, Kingwana, imechukua jina kwa waungwana. Kwa hiyo sheria moja naomba isivunjwe: msimwulize mtoto mbele ya wenzake babu yake alikuwa upande gani. Akitaka kusema atasema nyumbani, kwa bibi yake. Kama mtoto mwingine anamtania kwa neno la utumwa, msindikizaji amkate pale pale, asingoje jioni. Tulishakimbia mara ya kutosha kwa sababu ya maneno ya "ninyi watu wa kabila gani".

Na mtafute mzee mmoja wa pale asimulie. Mmoja tu. Wazee watatu wakikaa pamoja watabishana mpaka saa nane, ninawaheshimu lakini ninawajua.

Kuchimba: hapana. Watoto wa upande wa Salamabila wamezoea kuona watu wakichimba dhahabu, na watu wanasimulia kwamba pembe zilizikwa Tongoni. Mtoto akisikia hivyo anatafuta kijiti. Wataalamu wa mambo ya kale, Wakongomani na Wabeljiji, wameshafanya kazi pale miaka ya karibuni, na kwao kigae kidogo kinasema kitu pale kilipolala tu. Kikiingia mfukoni kinakuwa uchafu wa mfukoni. Mtoto akiona kigae au ushanga aite mkubwa, waangalie pamoja, wachore kwenye daftari, wakiache. Na chuma chochote ambacho mtoto hakijui asikiguse kabisa, apige kelele tu. Nchi yetu imepita vita nyingi baada ya ile ya Sefu.

Nimebakiza jambo la picha, na hapa ninasema pia kwa wafadhili wanaosoma karatasi yetu. Mwaka ule ule wa 1897 kitabu cha Hinde kilipotoka, Leopold alifanya maonyesho Tervuren karibu na Bruxelles. Wakongomani 267 walipelekwa, wakawekwa kwenye vijiji vya kujengwa bustanini, wazungu wanapita wanaangalia, wengine wanawatupia vyakula. Saba walikufa na kuzikwa kule kule. Mwaka 1958, kwenye maonyesho makubwa ya Bruxelles, wakaweka tena kijiji. Waliowekwa humo walichoka kutupiwa ndizi, wakaomba kurudi kwao. Bustani ya kujifurahisha ilikuwepo, na sisi ndio tulikuwa mchezo wenyewe.

Kwa hiyo katika safari yetu mtu mmoja tu atapiga picha, aliyechaguliwa na komite. Wazazi waseme mbele kama wanakubali. Hatupigi picha ya mtoto analia, ya mtoto mwenye nguo iliyopasuka, wala ya watoto wamepangwa mstari wanashika karatasi ya "aksanti". Mfadhili akitaka kujua pesa ilifanya nini tutampa hesabu, majina ya kazi zilizolipwa, na michoro ya watoto kama wenyewe wanakubali kuitoa. Nilipowaeleza baadhi yao hivyo, hakuna aliyekasirika. Mmoja alisema afadhali michoro.

Wakirudi, jioni ile msiwaulize "mmefurahi?" Watasema ndiyo, basi. Waulizeni: umeona nini ambacho sisi hatujakiona? Wazazi wengi hapa hamjafika Tongoni hata siku moja, kwa hiyo mtoto anakuwa mwalimu wenu kwa robo saa, na huyo ndiye aliyekuwa anachekwa kwa "shikamoo" yake.

Majina yanaandikwa kwa katibu mpaka Jumamosi, kuanzia miaka 8. Wa chini ya hapo wangoje, njia ni ndefu kwao. Mwenye mtoto anayeugua, au anayeogopa sana akisikia kelele za pikipiki au za watu wengi, aje aniambie peke yangu, nitampangia kiti karibu na mkubwa anayemjua. Na tunahitaji bidoni nne safi, ambazo hazijatumika kwa petroli wala mafuta ya mawese. Aliye nazo anyooshe mkono sasa hivi, kabla hatujatoka.